Programu Inapogoma Kujengwa: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu na Kupokea Taarifa Zake



Katika kikao kimoja cha kamati, mjumbe mmoja aliinua karatasi ya mapato na matumizi akauliza swali ambalo halikupata jibu zuri siku ile. Alisema, "Hapa imeandikwa posho ya fundi wa kompyuta, siku tisa. Pembeni imeandikwa: kubadilisha mstari mmoja. Mstari mmoja kwa siku tisa?" Watu walicheka. Fundi huyo nilikuwa mimi, nami nilicheka pamoja nao kwa kuwa sikuwa na la kusema. Makala hii ni jibu langu kwa mjumbe yule. Limechelewa, lakini naamini litasaidia kamati nyingine na wafadhili wanaochangia kompyuta katika zahanati, shule na ofisi zetu, kwa sababu swali kama lile huulizwa kila mahali.

YALIYOTOKEA

Mwezi Januari 2020 kituo kimoja cha afya kilianza kutumia fomu mpya ya kompyuta katika kliniki ya watoto. Fomu ilipaswa kukokotoa umri wa mtoto kutokana na tarehe ya kuzaliwa. Ijumaa tarehe 10 muuguzi wa zamu aliandika ukurasa mmoja katika daftari la kaunta. Aliandika hivi: "Mtoto wa kwanza amezaliwa 20 Desemba 2019, ameletwa 8 Januari 2020. Ana siku 19. Kompyuta imeandika mwaka 1. Mtoto wa pili amezaliwa 28 Desemba 2018, ameletwa 6 Januari 2020. Ana mwaka 1 na siku 9. Kompyuta imeandika miaka 2. Mtoto aliyezaliwa 3 Januari 2019, aliyeletwa 9 Januari, umri wake umetoka sawa. Tumerudi kuhesabu kwa mkono." Hakuandika jina la mtoto yeyote.

Daftari liliponifikia nilielewa kosa kabla sijafungua kompyuta. Programu ilikuwa inatoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa leo, bila kuangalia mwezi wala siku. Alhamisi tarehe 16 nilirekebisha mstari huo kwa muda usiozidi nusu saa. Nilitegemea jioni ile ile fomu sahihi iwe mezani kwa wauguzi. Haikuwa. Ilifika Jumamosi tarehe 25, siku tisa baadaye, na siku zote hizo wauguzi waliendelea kuhesabu umri kwa mkono huku foleni ya akina mama ikiwa nje. Ninyi wazazi mnajua kwamba dozi ya mtoto wa siku 19 si dozi ya mtoto wa mwaka mmoja. Marekebisho yalikuwepo, lakini hayakuweza kuwafikia wanaoyahitaji.

Kilichokwama hakikuwa mstari wangu. Kilichokwama ni zana ya kujengea programu.

ZANA YA KUJENGEA PROGRAMU NI NINI?

Kamati nyingi zimewahi kusimamia ujenzi, iwe kanisa la kigango, darasa au nyumba ya mganga. Mnajua kwamba ramani peke yake si nyumba. Inatakiwa orodha ya vifaa: saruji mifuko mingapi, nondo za unene gani, mabati ya geji gani. Inatakiwa pia utaratibu: msingi kwanza, kisha ukuta, kisha lenta, ndipo kupaua. Na anatakiwa msimamizi wa kuhakikisha kwamba vifaa vimefika na kila kazi imefanyika kwa zamu yake.

Programu ya kompyuta nayo iko hivyo. Anachoandika mwandishi wa programu ni maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Kompyuta haiyatumii jinsi yalivyo. Ni lazima yageuzwe, yaunganishwe na vipande vilivyoandikwa na watu wengine, yajaribiwe, kisha yafungwe katika faili moja linaloweza kupelekwa kwenye kituo. Zana ya kujengea programu ndiyo msimamizi wa kazi hiyo yote.

Zana iliyo maarufu kuliko zote za zamani inaitwa Make. Iliandikwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Sababu yake inafanana sana na habari yangu. Mfanyakazi mwenzake alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha. Kosa lilikuwa limeondolewa katika maandishi, ila alikuwa amesahau kuligeuza faili hilo upya, na hivyo kompyuta iliendelea kutumia lile la zamani. Feldman akaona heri kazi ya kukumbuka kipi kijengwe upya iachiwe mashine.

Zana niliyoitumia mimi inaitwa Apache Maven, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Hutumika kwa programu zilizoandikwa katika lugha ya Java. Huenda hamjaisikia, lakini kazi yake mmeiona. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, hujengwa kwa Maven. Vivyo hivyo DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, zikiwemo Tanzania na Kenya, kukusanya takwimu za vituo.

Maven ina tabia moja ambayo ni lazima tuielewe. Haikai na vifaa vyote nyumbani. Inasoma orodha ya vifaa, kisha inavifuata katika ghala kuu lililoko kwenye intaneti, na nakala yake inaiweka katika stoo ndogo ndani ya kompyuta ya fundi. Mara ya pili haiendi tena ghalani, inachukua stoo. Kwa hiyo kompyuta yenye stoo iliyojaa inaweza kujenga hata siku ambayo mtandao haupo, na kompyuta yenye stoo tupu haiwezi kujenga chochote bila mtandao. Januari ile kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imekufa diski. Nilikuwa natumia nyingine, yenye stoo tupu, na Maven niliyoiweka ilitoka kwenye CD ya zamani, toleo la mwaka 2010.

SABABU TANO ZA KAWAIDA

Ujenzi wa programu ukigoma, mara nyingi chanzo ni kimojawapo cha hivi vitano.

1. Vifaa havikufika. Mtandao umekatika, bando limekwisha, au ghala limebadilisha masharti. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: Maven ikikosa kifaa mara moja, huandika stooni kwamba kimekosekana, na kwa kawaida haitajaribu tena hadi siku inayofuata isipokuwa uiamuru. Fundi anaweza kununua bando jipya, mtandao ukarudi vizuri kabisa, na bado akapata jibu lile lile la jana.

2. Kifaa kimefika kikiwa kibovu. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, faili linaweza kubaki nusu. Vilevile, zamani kampuni ya simu ilipoona salio limekwisha ilituma ukurasa wa tangazo badala ya kitu ulichoomba, na zana ikauhifadhi ukurasa huo kama kifaa halisi. Ni sawa na kupokea mfuko ulioandikwa saruji ndani yake kuna mchanga. Dawa ni kufuta kifaa hicho kimoja stooni na kukiagiza upya. Si lazima kufuta stoo nzima.

3. Zana na vifaa si vya umri mmoja. Java ya 11, iliyotoka Septemba 2018, iliondoa baadhi ya sehemu zilizokuwemo katika Java ya 8. Programu iliyojengwa vizuri kwa miaka mingi inaweza kugoma siku Java inapobadilishwa, ingawa hakuna aliyegusa hata herufi yake. Kinyume chake pia hutokea: kifaa kilichotengenezwa kwa Java mpya hakikubaliki kwenye Java ya zamani.

4. Kifaa kimoja kimeagizwa mara mbili kwa matoleo tofauti. Kipande cha kwanza kinataka toleo la 1, cha pili kinataka toleo la 2. Maven huchagua lile lililo karibu zaidi na programu kuu katika mti wa mahitaji, na haliwi lazima kuwa jipya zaidi. Ujenzi unaweza kufaulu na programu ikaanguka baadaye, mikononi mwa mtumiaji. Iko amri ya kuchora mti huo, na fundi mwenye busara huanza nayo.

5. Mazingira yenyewe yana kasoro. Diski imejaa, au saa ya kompyuta imerudi nyuma. Hili la saa tunaliona sana vijijini. Betri ndogo ya ndani ikifa, kila umeme unapozimwa kompyuta husahau tarehe. Tovuti salama huikataa kwa kuwa vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Make nayo hulinganisha saa za mafaili ili kujua kipi ni kipya, hivyo saa ikiwa mbovu nayo hupotea njia. Betri hiyo ni ya bei ndogo, lakini nimeona ikisababisha mtu aagize kompyuta nzima.

JINSI YA KUTAFUTA CHANZO

Sasa niseme nilivyokosea, ili wengine wajifunze. Siku ya kwanza nililaumu mtandao. Nilinunua bando, halafu la pili la kampuni nyingine. Siku ya tatu niliondoa Java na kuiweka upya. Siku ya tano nilifuta stoo yote, ambayo hata hivyo ilikuwa karibu tupu. Siku ya saba nilipiga picha ya kioo kwa simu nikamtumia rafiki aliye mjini. Alinijibu kwa ufupi: "Umenipigia picha mistari ya mwisho. Sioni kitu. Nakili maneno yote, tangu mwanzo, unitumie."

Nilianza kunakili. Nilipofika juu, kabla sijatuma, nilisoma kwa mara ya kwanza mstari wa kosa la kwanza. Ulikuwa na namba 501, na maelezo kwamba ghala sasa linataka mawasiliano yaliyofungwa kwa usalama. Tangu tarehe 15 Januari 2020, siku moja tu kabla sijaanza kazi ile, ghala kuu la Maven lilikuwa limeacha kupokea maombi yanayosafirishwa wazi bila ulinzi. Sababu ilikuwa nzuri: ombi lililo wazi linaweza kuingiliwa njiani na mtu akabadilisha kifaa. Maven za tangu toleo la 3.2.3, la mwaka 2014, hutumia njia salama zenyewe. Yangu ya mwaka 2010 ilikuwa bado inapita njia ya zamani. Niliweka Maven mpya, na ujenzi ukakamilika siku ile ile.

Ndiyo kusema, jibu lilikuwa kwenye kioo changu tangu saa ya kwanza. Kutokana na hayo nimejiwekea utaratibu huu:

Kwanza, soma kosa la kwanza, si la mwisho. Makosa yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza. Ukuta ukianguka, usianze kulaumu bati.

Pili, jiulize nini kimebadilika tangu siku ilipofanya kazi. Kompyuta, toleo, mtandao, tarehe. Na ukumbuke kwamba kilichobadilika kinaweza kuwa upande wa pili, kama ghala lilivyobadilika.

Tatu, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike. Ukibadilisha mambo matatu pamoja na hali ikawa nzuri, hujui lipi limeponya. Na ikiwa mbaya zaidi, hujui lipi limeharibu.

Nne, jaribu kwenye kompyuta nyingine. Kosa likitokea kote, liko katika programu au ghala. Likitokea kwako tu, liko kwako.

Tano, kata katikati. Ikiwa programu ilikuwa nzima mwezi uliopita na tangu hapo yamefanyika mabadiliko 1,000, usiyapitie moja moja. Jaribu la katikati. Likiwa zima, kosa liko nusu ya pili. Likiwa bovu, liko nusu ya kwanza. Ukiendelea kugawa hivyo, majaribio 10 yanatosha kumpata mhusika kati ya 1,000.

TAARIFA NZURI YA HITILAFU

Turudi kwa muuguzi wetu. Hajasomea kompyuta, lakini ukurasa wake ni taarifa bora kuliko nyingi zinazotumwa na wataalamu. Alisema alichofanya, alichotegemea kukiona, na alichokiona. Alitoa mifano miwili inayokosea na mmoja ulio sahihi, na huo wa tatu ndio ulionionyesha kosa mara moja. Alisema pia madhara yake: wamerudi kuhesabu kwa mkono.

Linganisheni na taarifa tunazopata kila wiki: "Kompyuta imegoma." "Ile kitu haifanyi kazi tena." "Njooni haraka, mfumo umekufa." Fundi akipata maneno hayo, hana budi kusafiri ili tu akaulize maswali ambayo yangejibiwa katika mistari mitano. Nauli hiyo inatoka kwenye mfuko wenu.

Taarifa nzuri iwe na haya:

• Ulifanya nini, hatua kwa hatua, ili mwingine aweze kulirudia kosa hilo.
• Ulitegemea nini kitokee, na nini kilitokea.
• Toleo la programu, na aina ya kompyuta.
• Maneno ya kosa yakiwa yamenakiliwa yote. Picha ya kioo husaidia pale tu kunapokosekana njia nyingine.
• Lini lilianza, na nini kilibadilishwa karibu na siku hiyo.
• Hitilafu moja kwa taarifa moja. Ukichanganya nne, moja itarekebishwa na tatu zitasahaulika.

Kuna onyo moja zito. Taarifa za programu nyingi huwekwa hadharani, mahali ambapo dunia nzima inasoma. Msitume kamwe majina ya wagonjwa, namba zao za faili, namba za simu, wala majibu ya vipimo vyao. Maneno yanayotoka kwenye kompyuta wakati wa kosa yanaweza kuwa na mambo hayo ndani yake bila ninyi kujua, kwa hiyo yasomwe kabla ya kutumwa. Vilevile nenosiri lisimo. Siri ya mgonjwa aliyetuamini haina thamani ndogo kwa sababu tu sisi tuna haraka.

KUPOKEA TAARIFA NA KUZISHUGHULIKIA

Upande wa mpokeaji nao una wajibu wake. Katika miradi inayoendeshwa vizuri, kila taarifa hupewa namba na kupitia hatua zinazojulikana.

Kwanza hupokelewa kwa jibu. Hata jibu fupi la "tumeipata" humtia moyo aliyeandika. Asipojibiwa, mara ijayo hataandika, na hitilafu itajificha. Pili, mpokeaji huangalia kama taarifa kama hiyo ipo tayari, ili aziunganishe. Tatu, hujaribu kulirudia kosa kwake. Asipoweza, huuliza, haitoshi kusema "kwangu inafanya kazi", maana mtumiaji hatumii kompyuta ya fundi. Nne, huipanga kwa uzito na haraka. Haya ni mambo mawili. Herufi iliyokosewa katika jina la parokia kwenye stakabadhi si nzito, lakini kama stakabadhi zinachapwa kesho ni ya haraka. Umri wa mtoto ulikuwa yote mawili. Tano, kosa hurekebishwa, na huandikwa jaribio dogo ambalo zana italipitia kila inapojenga, ili kosa hilo lisirudi kimya kimya. Mifano mitatu ya muuguzi wetu sasa imo ndani ya programu kama majaribio. Umri ukikosewa tena, zana itakataa kujenga. Mwisho, aliyetoa taarifa hujulishwa, naye huthibitisha, ndipo hufungwa.

Je, kila hitilafu hurekebishwa? Hapana, na Make ina mfano wake. Feldman alipanga kwamba mistari ya amri ianze kwa alama ya kuruka nafasi, ile inayotolewa na kitufe cha upande wa kushoto wa kibodi. Kwa macho, alama hiyo na nafasi za kawaida zinafanana kabisa, lakini Make huikubali moja na kuikataa nyingine. Upungufu huo ulionekana mapema. Ila wakati huo Feldman alikuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, na hakutaka kuwavurugia kazi. Akaacha. Leo, karibu nusu karne baadaye, wanafunzi bado wanapoteza saa nzima kwa sababu ya alama isiyoonekana. Kurekebisha kukiwa bado na watu kumi na wawili kungekuwa rahisi kuliko kurekebisha sasa.

Zipo pia taarifa ambazo hazifai kuwekwa hadharani kwanza, yaani zile za usalama. Tarehe 24 Novemba 2021 mtaalamu wa kampuni ya Alibaba aliwaandikia kwa faragha watunzaji wa Log4j, kipande kidogo cha Java kinachotumika kuandika kumbukumbu za matukio. Kilikuwa na tundu lililomwezesha mtu wa mbali kuiendesha kompyuta ya mwingine. Watunzaji walipata siku za kuandaa dawa kabla dunia haijajua mwezi Desemba. Habari ilipotoka, maswali ofisini kwetu na kwingineko yalikuwa mamoja: je, kipande hicho kimo katika programu zetu? Waliokuwa na orodha ya vifaa ya zana yao walijibu kwa amri moja. Wengine walitafuta kwa siku nyingi.

NUSU SEKUNDE

Kama kuna anayedhani kwamba kufuatilia kasoro ndogo ni kupoteza muda, asikie habari ya mwaka 2024. Mhandisi aitwaye Andres Freund alikuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali, kazi iliyokuwa ikichukua sekunde 0.3, sasa inachukua sekunde 0.8. Wengi wetu tungesema mtandao ni mzito leo. Yeye alifuatilia.

Alikuta kwamba kipande kinachoitwa xz, kinachotumika kubana mafaili katika kompyuta nyingi sana duniani, kimewekewa mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo haukuonekana katika maandishi ya kawaida ya programu. Ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kilichouingiza ni maagizo ya ujenzi yaliyomo katika kifurushi cha kupakua. Yaani aliyeharibu alimtumia msimamizi wa ujenzi mwenyewe. Freund alitangaza alichokiona tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye seva nyingi.

Mharibifu huyo aliingiaje? Kwa muda mrefu xz ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walimwandikia wakilalamika kwamba anachelewa, wakimshinikiza akabidhi kazi kwa wengine. Mtu aliyejionyesha kuwa msaidizi mwema tangu mwaka 2021 akapewa nafasi. Lawama hizo zote zilikuwa na sura ya taarifa za kawaida za watumiaji waliochoka kungoja.

Mimi najifunza mambo mawili hapo. Taarifa moja makini ya mtu mmoja inaweza kuokoa wengi. Na lawama zisizo na utu kwa anayejitolea zinaweza kufungua mlango kwa mwizi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kamati za parokia, naomba haya matatu. Kila ofisi au kituo chenye kompyuta kiwe na daftari la hitilafu, lenye tarehe, alichofanya mtumiaji, alichotegemea na alichokiona. Awepo mtu mmoja anayelikusanya kila wiki na kulipeleka kwa fundi. Na fundi ajibu kwenye daftari hilo hilo, ili kamati ione kazi ilivyokwenda badala ya kuona posho peke yake.

Kwa wafadhili, naomba tuelewane kuhusu bajeti. Kununua kompyuta 10 na kuzipiga picha siku ya makabidhiano ni jambo la furaha. Lakini programu ni kama paa la bati: huhitaji mtu wa kupanda na kukaza misumari kila mwaka. Fungu la matunzo likikosekana, fundi hutumia Maven ya mwaka 2010 kutoka kwenye CD, kwa sababu hakuna aliyemlipa siku moja ya kuiboresha. Siku hiyo moja ingeokoa siku tisa. Ombeni pia kuona orodha ya vifaa vya programu mnazozifadhili, pamoja na matoleo yake, kama mnavyoomba orodha ya saruji na nondo.

Na kwa mafundi wenzangu: tusome kosa la kwanza, na tusione haya kuuliza. Ningenakili maneno yote siku ya kwanza, nisingesubiri hadi ya saba.

Mjumbe aliyeuliza lile swali bado yuko kwenye kamati. Nilipomweleza haya, aliuliza jingine: "Na yule muuguzi, kuna aliyemwambia ahsante?" Nilikuwa sijafanya hivyo. Nilikwenda kituoni wiki iliyofuata. Alinionyesha daftari, alikuwa ameshaandika ukurasa mwingine, kuhusu uzito wa watoto pacha.